Ncoolo Iliyopanda Ndege

Mzee Ndwiga wa Kibugu, huko Embu, alikuwa na karatasi mfukoni, na kwa siku tatu mfululizo hakuiacha ikae kwa amani. Akiwa shambani anachuma chai, aliitoa akaisoma. Akiwa kanisani, na mhubiri amepamba moto, aliichungulia ndani ya Biblia. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule, mwandiko wa mwanawe Mutegi, na ilisema hivi: Kangeta hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, kilomita mia mbili na themanini, saa sita kwa gari. Uwanja wa Nairobi hadi uwanja wa Mombasa, kilomita mia nne na ishirini, dakika hamsini kwa ndege.

Hapo penye dakika hamsini ndipo mzee alipokwama.

"Mimi nikienda kituo cha majani ya chai, nikangoja mizani, nikarudi, ni zaidi ya hiyo," alimwambia mkewe, Lydiah. "Sasa mtu atafikaje Mombasa?"

"Usijali dakika," Lydiah alimjibu bila kuacha kumenya viazi. "Wewe chunga mdomo. Mdomo ndio ulitufikisha hapa, si ndege."

Mzee akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni.

Mdomo wenyewe ulifanya kazi yake mwezi wa Aprili, mwaka huohuo wa 2012. Mutegi, mwana wao wa pekee, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Kaaga, karibu na Meru mjini, alikuja nyumbani na msichana. Jina lake Kawira, muuguzi wa Meru mjini, mzaliwa wa Kangeta. Msichana alisalimia vizuri, akakaa vizuri, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ndwiga alipenda kila kitu mpaka aliposikia neno Kangeta. Kangeta ni soko la miraa, na Ndwiga alikuwa mzee wa kanisa aliyezoea kuisema miraa vibaya kila alipopewa nafasi ya kusimama mbele ya watu. Akamfuata Lydiah jikoni, akasema, kwa Kiembu, kwamba yeye hawezi kumwoza mtoto wake kwa watu wanaotafuna majani kama mbuzi.

Alisema kwa Kiembu kana kwamba Kiembu ni mlango wa chuma wenye kufuli. Kati ya jiko na sebule palikuwa na ubao tu, na kati ya Kiembu na Kimeru hapana hata ubao. Mtu wa Kangeta akisikia Kiembu hapitwi na kitu. Ndwiga alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kila mwaka alinunua mbuzi kwa Wameru bila kuhitaji mkalimani. Lakini hasira ikishapanda, mtu husahau hata anachokijua.

Kawira alikunywa chai yake mpaka mwisho. Akaosha vikombe, akamshukuru mama, akamuaga mzee kwa mkono. Walipofika Embu mjini ndipo alipolia, na Mutegi akaambiwa sababu.

Tangu siku hiyo Mutegi hakukanyaga Kibugu. Alipiga simu, ndiyo, lakini kwa mama yake. Simu ikilia, Ndwiga alikuwa akijisogeza karibu, akijifanya anatafuta kitu, naye Lydiah huongea mpaka mwisho, akasema "haya, Mungu akubariki," akakata. Miezi saba ilipita hivyo. Mzee aliona aibu, tena aibu ile ya kweli, inayomwamsha mtu kabla ya jogoo. Aliacha hata kuhubiri habari za miraa. Lakini hakujua pa kuanzia kurudisha neno mdomoni.

Kisha mwezi wa Novemba Mutegi akapiga simu na kumtaka baba yake. Ndwiga aliishika simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Baba, mzee Riungu ameuliza Kawira ni nini ilifanyika Kibugu, na Kawira hakumficha," Mutegi alisema. Riungu ndiye baba wa msichana, fundi wa kreni katika bandari ya Mombasa, mjane aliyehamia huko miaka mingi iliyopita. "Amesema hataki wazee, hataki barua. Anataka ncoolo."

Kwa Wameru, habari ya ndoa haifunguliwi kwa maneno matupu. Upande wa kijana humpelekea baba wa msichana ncoolo, bunda la miraa teule lililofungwa kwa majani ya mgomba. Akilipokea, mlango umefunguka. Akilikataa, mnakunywa uji wenu mkaenda. Na lazima liwe bichi. Kupeleka lililonyauka ni kumwambia mzazi kwamba hivyo ndivyo unavyomwona binti yake.

"Ujumbe wake ni huu," Mutegi aliendelea, na sauti yake ilikuwa kavu kama anasoma tangazo. "Amesema, yule mzee aliyeongea juu ya majani, ayalete mwenyewe, kwa mikono yake, peke yake. Yachumwe Kangeta asubuhi, nami niyashike hapa Mombasa kabla jua halijatua. Yakiwa mabichi, tutaongea. Yakinyauka, arudi nayo, na kijana wake pia."

"Nitapeleka," Ndwiga alisema.

"Baba, fikiria kwanza."

"Nimefikiria miezi saba. Wewe niandikie tu njia."

Ndivyo ile karatasi ilivyozaliwa.

Siku ya safari, Desemba, shule zimefungwa, Ndwiga aliamkia nyumbani kwa Mutegi huko Kaaga. Mwanawe alikuwa amempa kitanda kizuri na maji ya moto, akamwita Baba katika kila sentensi, lakini kwa heshima ile ambayo mwalimu humpa mkaguzi wa shule. Mzee alikuwa na suti yake ya Krismasi, kofia yake, na kikapu kidogo cha Lydiah, kile cha ukindu wenye matundu, alichokuwa akichumia chai siku za mvua ndogo. Wakaingia kwenye gari la kuazima, na kufikia saa kumi na mbili na nusu walikuwa Kangeta.

Kawira ndiye aliyekuwa amepanga watakapopata mzigo. Hawakwenda sokoni. Waliingia katika boma la mtu mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa tayari juu ya mti, akivunja vichipukizi kwa vidole kimoja kimoja. Mti wenyewe ulikuwa mzee, shina limepindapinda na kuota kuvu. Mutegi alimnong'oneza baba yake kwamba miti kama ile huitwa mbaine, ya kurithiwa kutoka kwa mababu, na mtu hachumi hapo kwa ajili ya soko.

Yule mtu alishuka, akapanga vijiti vyote kimo kimoja, vyekundu chini na vya kijani juu, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akavifunika kwa majani ya mgomba yaliyolowa umande, tabaka juu ya tabaka, akakaza. Alifanya polepole kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alimpa Ndwiga kwa mikono miwili.

"Mimi ni Kathuri," alisema. "Riungu ni ndugu yangu mkubwa. Mpee hivi ilivyo. Na usimwambie ni mimi nimetoa."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Akijua, hatapokea. Tuliachana vibaya juu ya hii miti, baba yetu alipokufa. Ni miaka kumi na miwili hatujaongea." Akaangalia pembeni. "Enda, mzee. Hii kitu haingoji."

Ndwiga akatikisa kichwa kukubali, akaweka bunda ndani ya kikapu. Yale maneno "hivi ilivyo" aliyachukua kama salamu za heshima. Kathuri naye hakuona haja ya kufafanua. Huko Igembe, nchi ya Kangeta, hata mtoto wa chekechea anajua miraa inavyobebwa, na mtu hafikirii kumwelezea mtu mzima kwamba mlango hufungwa mvua ikinyesha.

Barabara ilikuwa nzuri. Walipita Chuka, wakapita Embu mjini, na Ndwiga akaangalia juu upande wa Kibugu, kwenye ukingo wa msitu, akafikiria Lydiah amesimama kwenye chai sasa hivi na mdomo umejaa maombi. Karibu na Thika, Mutegi alisema ghafla, macho yake yakiwa barabarani, "Baba, asante kwa kukubali." Ndwiga alijibu kwamba hakuna kitu. Lakini alilazimika kugeukia dirishani kidogo.

Saa saba mchana walifika uwanjani, na hapo Mutegi akalazimika kumwacha, kwa kuwa tiketi ilikuwa moja. Askari wa kike kwenye mashine alichungulia kikapu, akatabasamu.

"Mzee, hii yote ni ya kutafuna njiani?"

"Mimi situmii," Ndwiga alisema, kwa haraka ya mzee wa kanisa. "Hii ni ya mtoto kuoa."

"Basi pita, mzee wangu. Usichelewe harusi."

Ndege ilikuwa ya saa nane na nusu. Ndwiga alipata kiti, akakipakata kikapu. Alitoa karatasi akapiga hesabu tena: saa nane na nusu, ongeza dakika hamsini, atafika kabla ya saa tisa na nusu, na jua litakuwa bado kijana. Hapo ndipo sauti ya spika ilipotangaza kwamba ndege ya Mombasa imechelewa, itaondoka saa kumi na nusu, na wasafiri wanaombwa radhi.

Saa mbili za kungoja. Wengine walifungua magazeti. Ndwiga aliweka kiganja chini ya bunda, akasikia joto.

Lazima tumwelewe mzee wetu hapa. Alikuwa amelima chai miaka thelathini. Kama kulikuwa na kitu kimoja alichokijua duniani, ni kwamba jani lililobanwa huungua. Ukishindilia chai kwenye gunia na kulifunga, ndani inapata moto, inageuka nyekundu, na karani wa kituo anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anautoa, anasema, "Hii imechomeka, rudi nayo." Ndwiga alirudishwa hivyo mara moja tu, ujanani, na kazi ya asubuhi nzima mgongoni, watu wakiangalia. Hakurudishwa tena maishani. Chai yake tangu hapo ilikwenda kituoni imelala huru ndani ya kikapu, imepata hewa, na makarani walikuwa wakiitolea mfano.

Sasa akaliangalia lile bunda, lilivyokazwa tabaka juu ya tabaka, likipata moto mapajani mwake. Akalihurumia. Watu wa Kangeta ni watu wazuri, alijiambia, lakini haraka imewazidi. Nani anabana jani hivi siku ya safari? Akafungua kamba. Akabandua majani ya mgomba moja baada ya jingine, akayakunja vizuri, akayatia kwenye pipa la taka, kwa maana alikuwa mtu safi. Kisha akavilaza vile vijiti ndani ya kikapu cha Lydiah, akivitenganisha kwa vidole, taratibu, bila kuvunja hata kimoja. Kila baada ya dakika kumi alivigeuza. Katikati ya hapo alivipepea kwa kofia.

Kwa saa mbili nzima mzee Ndwiga aliipepea miraa katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na moyo wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote za miezi ile saba. Hatimaye alikuwa anafanya kitu anachokijua.

Ndani ya ndege alifungwa mkanda, akafumba macho wakati wa kupaa, akayafungua alipoona hajafa. Aliangalia saa yake ili ahesabu zile dakika. Mama mmoja aliyekaa karibu naye, mfanyabiashara kutoka mji wa Maua, jirani na Kangeta, kwa maelezo yake, alichungulia kikapuni, akaacha kutafuna karanga.

"Mzee, ni nani alifungua hii?"

"Mimi. Ilikuwa inakosa pumzi."

Yule mama aliweka karanga zake chini. "Miraa haifunguliwi," alisema kwa upole. "Inafungwa na mgomba ili ikae na maji yake. Ikipigwa na upepo inakufa. Hii ilikuwa inaenda wapi?"

Ndwiga alimwambia. Alimwambia yote, hata habari ya mbuzi. Yule mama hakucheka. Aliomba maji kwa mhudumu, akalowesha leso yake, akaifunika miraa, ingawa wote wawili waliona vichwa vya vijiti vimeshalala kama nguo iliyofuliwa. Mzee alikaa ameshika kikapu. Siku tatu nzima alikuwa ameziogopa dakika hamsini kwa ufupi wake. Sasa alitamani ziwe saa kumi, ziwe wiki, ndege ipotee njia izunguke juu ya nchi mpaka apate la kusema.

Hazikuongezeka. Tena zilipungua mbili.

Riungu alikuwa amesimama nje ya mlango wa wanaowasili. Mtu mfupi, mpana, ana grisi kwenye kucha ambayo sabuni ilishashindwa nayo, kofia ya kazi kichwani. Jua lilikuwa bado lipo, limeegemea upande mmoja. Walisalimiana kwa mkono, wakaketi kwenye benchi ya saruji karibu na maegesho ya magari. Ndwiga hakungoja kuulizwa. Aliondoa leso.

"Baba Kawira, nimekuja na mikono yangu kama ulivyosema. Ilichumwa leo asubuhi, ikafungwa vizuri sana. Mimi ndio nilifungua. Kwetu ni chai, na chai ukiifunga inaungua, kwa hivyo nilifikiri naisaidia. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Hata kijana hajui."

Riungu alikivuta kikapu karibu.

"Ulifungua ukafanya nini?"

"Nilitandaza hivi. Nikageuza. Nikapepea."

"Na nini?"

"Na hii kofia."

Kitu kidogo kilicheza kwenye mdomo wa Riungu, kikapotea. Alichukua kijiti kimoja, akakikunja, kikakunjika bila kulia. Akaangalia sehemu ya chini, nyekundu ya giza, akakipeleka puani. Hapo akabadilika. Alichukua cha pili, cha tatu.

"Hii si ya soko," alisema. "Hii ni mbaine. Ni nani alikupatia?"

Ndwiga aliinamia kikapu. Kusema uongo hakuweza, na ahadi ya mtu alikuwa nayo. "Aliyenipatia alisema nisiseme."

"Basi umeshasema. Hakuna mwingine anaweza kukuambia hivyo." Riungu aliweka vile vijiti magotini. "Ulimwona? Yuko aje?"

"Ni mzima. Amekonda. Alipanda mti mwenyewe. Alivyokuwa anafunga, hakuwa na haraka."

Ndege nyingine ilipaa nyuma yao, wakangoja kelele ipite. Riungu alipoanza kuongea, hakumwangalia Ndwiga. Aliongea na vijiti.

"Baba alipokufa, nilisema Kathuri amekula miti yangu kwa sababu mimi niko mbali. Yeye akasema asiyepalilia asidai. Tulitusiana mbele ya mama. Miaka minne baadaye mama naye akafa, na mimi sikuenda kumzika. Nilituma ujumbe kwamba ni mbali, na kazini hakuna ruhusa. Wakakubali. Kila Krismasi nasema ni mbali. Hata Kawira, ni yeye anakuja huku kuniona. Nikasema hata ncoolo iletwe huku, kwa sababu ni mbali."

Ndwiga angekuwa Kibugu angepata mstari wa Biblia. Hapa aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitu pekee alichokuwa nacho, nusu ukurasa wa daftari, umechakaa kwenye mikunjo. Akampa.

Riungu aliisoma mara moja, akaisoma tena, kidole kikifuata mstari wa chini.

"Dakika hamsini," alisema.

"Zilikuwa arobaini na nane," Ndwiga alisema. "Nilihesabu."

Riungu alivua kofia yake, akafuta uso mzima nayo, macho na yote, na Ndwiga akaangalia magari kwa heshima. Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kugusa mapaa. Kisha Riungu akakunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile na kumrudishia.

"Hii ncoolo siwezi kuipokea, muthoni."

Ndwiga alianza kukifunika kikapu. Kulipita muda kabla hajalisikia vizuri lile neno la mwisho. Muthoni ni mkwe, na mtu haitwi hivyo kwa bahati mbaya.

"Ncoolo ni mbichi ama si ncoolo," Riungu aliendelea. "Siwezi kuharibu desturi kwa sababu nimekuhurumia. Na mbichi iko Kangeta. Tiketi yako ya kurudi ni ya lini?"

"Kesho, saa moja asubuhi."

"Ngoja hapa," Riungu alisema, akasimama.

"Baba Kawira," Ndwiga alisema, akasimama pia. "Na yale maneno niliyosema, yale ya mbuzi..."

"Hayo hukuniambia mimi. Wewe unajua aliyeyasikia." Akaenda kwenye dirisha la tiketi kwa hatua za mtu anayeogopa kubadili nia.

Kesho yake walikaa pamoja ndegeni. Riungu alikataa kikapu kuwekwa juu kwenye mizigo. Alikipakata njia nzima na miraa yake iliyokufa. Hakuangalia nje hata mara moja. Aliangalia saa, na matairi yalipogusa chini Nairobi alisema, taratibu, "Hamsini na moja," kama anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Mutegi aliwachukua. Alipoona wazee wawili wakitoka mlangoni mahali alipotarajia mmoja, alisahau hata kusalimia. Lydiah alipigiwa simu, akasema atawangoja barabarani Embu, na alipoingia garini alikaa nyuma na Riungu, wakaongea habari za mvua hadi Chuka. Saa tisa alasiri waliingia Kangeta.

Kathuri alikuwa langoni. Hakuna aliyemwambia, au labda Kawira alimwambia, kwa sababu naye alikuwa pale, amevaa sare yake ya kazi bado. Ndugu wawili walisimama, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Riungu ndiye aliyetembea. Hakutoa mkono, alikitoa kikapu.

"Ulimpa miraa mtu wa chai," alisema. "Angalia ameifanya nini."

Kathuri alichungulia. "Aliianika?"

"Aliipepea na kofia. Saa mbili."

Kathuri alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati, akamshika ndugu yake shingoni. Wote wawili walikuwa wakilia, watu wazima wenye mvi, mchana kweupe. Hapakuwa na mtu aliyewakataza. Baadaye walikwenda kwenye kaburi la mama yao, nyuma ya nyumba, wakakaa huko kitambo, na waliporudi Riungu alimwaga ile miraa iliyonyauka kwenye shina la mti ilikotoka.

Kathuri akapanda. Riungu akabaki chini akipokea, na vidole vyake vya grisi vikaonekana havijasahau kazi. Alipanga, akafunga, akamwita Ndwiga aje karibu aone.

"Jani hili si la chai," alimwambia. "Hili linataka kufunikwa. Kaza hapa. Hivyo. Usiogope, haliumii."

Ndwiga alikaza. Lilikuwa bunda lenye mkunjo mmoja uliokaa vibaya, lakini lilikuwa bichi, maji yanang'aa kwenye mgomba. Riungu akarudi nyuma hatua moja, akajinyoosha, akawa sasa si mwalimu bali baba wa msichana, anayengoja kuletewa. Hatua moja tu ilikuwa imebaki.

Ndwiga hakuipiga. Aligeuka na ncoolo yake mikononi, akamtafuta Kawira, aliyekuwa amesimama karibu na Lydiah.

Mzee alizungumza kwa Kiembu. Alisema kwamba mwezi wa Aprili, jikoni kwake, alisema neno baya juu ya watu wa Kawira. Kwamba alilisema mahali alipodhani hasikiki, na huo ulikuwa ubaya wa pili. Na kwamba leo analisema hili mahali ambapo kila mtu anasikia. Anamwomba radhi. Amsamehe, kama anaweza. Hakuongeza kitu. Kwa mara ya kwanza maishani, Lydiah alisimulia baadaye, mzee aliacha kuongea akiwa bado na watu wanaomsikiliza.

Kawira alimjibu kwa Kimeru, sauti yake chini. Alimwambia kwamba chai ya siku ile ilikuwa tamu, na hakuwa amepata nafasi ya kumwambia. Kisha akamwambia ageuke, baba yake anangoja, na miraa haipendi upepo.

Ndwiga aligeuka, akapiga ile hatua.